PlayStation ya zamani yaweza kunifundisha programu sambamba?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Fundi mmoja hapa Igoma anauza PlayStation 3 iliyotumika, ile nene ya mwanzo, kwa laki moja na nusu. Nasikia inaingia Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, na mtu anaweza kujifunzia programu zinazofanya kazi nyingi kwa pamoja. Ninunue?
Kijana wa Igoma, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla hujatoa hela, mwambie aiwashe, mfungue mipangilio, muangalie toleo la mfumo. Likiwa 3.21 au zaidi, achana nayo: Sony waliziba njia ya Linux kwa toleo hilo, Aprili 2010. Yangu ilikwisha hivyo hivyo. Mpwa wangu aliiunganisha na intaneti acheze mpira, ikamtaka asasishe, akakubali. Kazi yangu ya miezi ikaenda na maji, naye akafungwa manne.

Sasa utamu wake. Prosesa yake, Cell, ina kiongozi mmoja na wasaidizi wanane. Mmoja huzimwa kiwandani, mwingine hushikiliwa na mfumo. Ukiwa na Linux unabakiwa na sita. Kila msaidizi ana memori yake ya kilobaiti 256 tu, na humo humo programu na data vienee. Umewaona akina mama wanaochambua dagaa pale Mwaloni, Kirumba? Kila mmoja na beseni lake. Dagaa aliye guniani, yaani data iliyo kwenye memori kuu, hachambuliki mpaka aletwe.

Mimi nilianza na kugeuza picha za rangi ziwe nyeusi na nyeupe. Wallahi, wasaidizi sita walishindwa na kiongozi peke yake! Nilikuwa nawachotea baiti 128 kwa safari, wanashinda njiani. Nilipopandisha hadi kilobaiti 16, kikomo cha safari moja, wakaanza kukimbia. Kisha nikampa kila mmoja mabeseni mawili: hili analichambua, lile linajazwa. Kugawa hesabu kulinichukua jioni moja. Kupanga safari za data, miezi miwili.

Toleo likikataa, laptopu yoyote ya viini vinne (prosesa yenye wafanyakazi wanne ndani) inatosha, na lugha ya C pamoja na OpenMP, nyenzo ya kugawia viini hivyo kazi. Huko memori ni ya wote, hubebi kitu. Utagombana na viini viwili vinavyoandika mahali pamoja.

Na ukibahatika kupata yenye toleo la chini, isiguse intaneti kabisa. Wapwa unao?