Uzi hauogopi andalio la somo

Juzi nimeketi nyuma ya darasa la Kidato cha Pili hapa Moshi, namtazama mwalimu wa hisabati wa BTP, yaani aliye kwenye mazoezi ya kufundisha, akibandika ubaoni picha ya mkeka. Picha! Na nje ya geti mama anauza mikeka. Wadogo zangu walimu, nawapenda, lakini mnanizeesha. Mkitaka kufundisha hisabati kwa kusuka na kufuma, sikieni haya.

1. Miyaa, yale majani ya kusukia mikeka, ilowekwe usiku. Mikavu inakatika, na kipindi cha dakika 40 kinaisha mnaokota vipande.

2. KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, ianze vidoleni. Panga miyaa miwili miekundu, miwili myeupe, hivyo hivyo. Suka ukipita juu ya 2, chini ya 1. Rangi zinajirudia kila baada ya 4, msuko kila baada ya 3, na mchoro mzima unarudi baada ya 12. Hiyo 12 msiitaje. Waacheni wagombane.

3. Kitambaa cha kufundishia kifume mwenyewe mpaka mwisho kabla hujasimama mbele za watu. Mwaka wangu wa kwanza nilitaka kufundisha mzingo wa duara kwa vile vitambaa vya makochi. Nikanunua uzi wa bluu Mbuyuni, nikafuma mizunguko miwili nyumbani: vitanzi 6, kisha 12. Nikaona nimeshaelewa. Kwenye andalio nikajaza 6, 12, 24, 48, 96.

Siku yenyewe mthibiti ubora yuko nyuma na kalamu yake. Mzunguko wa tatu ukingo ukaanza kujikunja. Nikauvuta. Nikaukandamiza kwa kiganja. Nikasingizia uzi. Wa nne kitambaa kikawa sukuma wiki kabisa, nami bado nahesabu kwa sauti, jasho linanitoka, darasa limenyamaza kwa kunionea huruma. Binti wa dawati la mbele akasema taratibu, "Samahani mwalimu, bibi huwa anaongeza 6 tu. Kila mzunguko."

Sita tu! Mzingo ni 2πr. Kitanzi kikiwa na kimo sawa na upana, kila mzunguko nusu kipenyo kinaongezeka kwa 1 na mzingo kwa 6.28 hivi, uwe mzunguko wa pili au wa hamsini. 6, 12, 18, 24, 30. Na fomula nilikuwa nimeiandika ubaoni kwa mkono wangu! Alichoandika mthibiti sikirudii hapa.

4. Uzi wa akiba. Daima.

5. Kilichoharibika msitupe. Miaka baadaye nikaja kujua kuwa mwanahisabati Daina Taimina, Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1997 alifuma sukuma wiki kama yangu kwa makusudi, akiongeza vitanzi kwa uwiano uleule kila mzunguko, ili apate uso wa jiometri ya haipaboli: huko, kwenye nukta moja hupita mistari mingi isiyokutana na mstari uliopo pembeni. Yeye kapata modeli, mimi nikaambulia ripoti.

Changu bado kipo juu ya friji. Yule wa picha ya mkeka alikuja jana kukiazima. Nikamwambia akafume kwanza mizunguko mitano nyumbani. Leo kanipitia mbali, hata shikamoo hakuna.