Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Nzito na Programu za Bure za Kuongeza Kasi

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Ninaendesha steshenari ndogo mjini Morogoro, ambapo kazi yangu ni kuchapa, kutoa fotokopi na kuprinti kazi za wanafunzi wa vyuo. Kompyuta yangu ya mezani niliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Ina RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zinazoendelea) ya GB 4, diski ya kawaida ya GB 500 na Windows 10. Nikiiwasha asubuhi husubiri hadi dakika 10 kabla Word haijafunguka, na mteja mwenye haraka huchukua flashi yake akaenda duka la jirani. Nilipakua programu moja ya bure ya kuongeza kasi, nayo ikaniambia kwamba kompyuta ina makosa 1,342 na kwamba ili yaondolewe ni lazima nilipie. Je, nilipe? Na kama si hiyo, ni programu zipi za bure zinazosaidia kweli?

JIBU: Usilipe, ndugu yangu, na programu hiyo iondoe leo hii. Makosa ya namna hiyo, yanayohesabiwa kwa mamia na maelfu, kwa kawaida ni mabaki yaliyomo katika rejista, lile daftari ambamo Windows huandika mipangilio ya kila programu. Kila baki ni mstari mfupi mno usiochelewesha kazi yoyote ya maana. Kuufuta hakukuongezei kasi, lakini ukifutwa kwa makosa mstari unaotumika, Windows inaweza kukataa kuwaka, na ndiyo sababu Microsoft yenyewe imetamka kwamba haiungi mkono matumizi ya programu za kusafisha rejista.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa kumtisha mtu ili alipe ni biashara ya siku nyingi. Mwaka 2019 nchini Marekani, Office Depot, yenye maduka ya vifaa vya ofisi, na mshirika wake Support.com zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 ili kumaliza madai ya FTC, tume inayowalinda walaji nchini humo. Kwa maelezo ya tume hiyo, wateja walipewa uchunguzi wa bure wa kompyuta ulioanza kwa maswali manne, kama vile iwapo kompyuta imekuwa nzito, na aliyejibu ndiyo kwa swali lolote aliambiwa kuwa kompyuta yake ina dalili za virusi, kisha akauziwa matengenezo.

Programu ya bure iliyo na faida ni ile inayokuonyesha kinachoendelea ndani ya kompyuta ili uamue mwenyewe, na ya kwanza tayari unayo. Washa kompyuta, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na Task Manager itafunguka. Tazama safu za CPU (prosesa), Memory (RAM) na Disk (diski) kwa dakika kadhaa bila kufungua kitu kingine. Kwa kompyuta kama yako natarajia kwamba utaikuta Disk imeng'ang'ania asilimia 100 ilhali CPU haina kazi kubwa, maana yake prosesa inaisubiri diski. Ukikuta badala yake kwamba Memory ndiyo iliyojaa, jua kwamba GB 4 hazitoshi, na hakuna programu ya kusafisha RAM itakayoziongeza. Programu hizo huondoa katika RAM data ambazo Windows itazihitaji tena baada ya muda mfupi, ikalazimika kuzisoma upya kutoka kwenye diski ile ile iliyolemewa.

Katika dirisha hilo hilo fungua sehemu ya Startup, ambapo utaona orodha ya programu zinazojiwasha pamoja na Windows. Zima zile usizozihitaji asubuhi, kama vile ya kuchatia, ya kupakulia filamu, au ya printa uliyokwisha kuiuza. Hazifutwi, zinaacha tu kujiwasha. Ukitaka kuona zaidi ya orodha hiyo, pakua Autoruns, programu ya bure ya Sysinternals, ambayo ni mali ya Microsoft tangu mwaka 2006. Itakuonyesha karibu kila kinachojiwasha, nawe ondoa alama ya tiki tu bila kufuta, ili ukikosea uweze kuirudisha. Hakikisha pia kwamba huna programu mbili za kuzuia virusi zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, kwani zote mbili hukagua kila faili linalofunguliwa. Microsoft Defender iliyomo ndani ya Windows 10 inatosha, na kwa mtu anayepokea flashi za watu kutwa nzima isizimwe hata kidogo.

Kuhusu nafasi, Disk Cleanup iliyomo ndani ya Windows itafuta mafaili ya muda bila kugusa rejista, na BleachBit, ambayo ni programu huria, hufanya kazi hiyo kwa upana zaidi. Ila usifute kila siku yale mafaili ambayo kivinjari kimejiwekea akiba, kwa sababu kitalazimika kuyapakua upya, na bando ni lako. Ninayoipenda mimi ni WinDirStat, ambayo huichora diski nzima kwa vibao vya rangi, na ukubwa wa kila kibao hufuata ukubwa wa faili. Katika kompyuta ya steshenari hushangai kukuta skani za vyeti na vitambulisho vya wateja wa miaka iliyopita. Hizo zifute hata kama nafasi ingalipo, kwani mteja alikupa cheti chake ukitolee nakala, hakukukabidhi ukitunze, na Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, naomba upakue CrystalDiskInfo, ambayo husoma taarifa za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe. Ikikuandikia Caution au Bad, uzito unaouona huenda ni wa diski inayokufa, na kitu cha kwanza kufanya siku hiyo ni kunakili kazi zako mahali pengine.

Diski ikiwa nzima na bado kompyuta inasuasua, programu zimefika mwisho wa uwezo wake. Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka, nyingi za kompyuta za mezani mara 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo unaohama huku na huko kutafuta kila kipande cha faili. Windows inapowaka huomba maelfu ya vipande vilivyotawanyika. SSD, aina mpya ya diski inayotunza data katika chipu, haina kinachozunguka wala kinachohama. Fedha uliyotaka kuilipa programu ile iweke akiba ya kununua SSD ya GB 240, kisha RAM ya kufikisha GB 8. Kwa kuwa SSD hiyo ni ndogo kuliko diski uliyonayo, mwambie fundi asakinishe mfumo upya badala ya kuhangaika kuihamisha diski nzima. Na kwa kuwa msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, muulize siku hiyo hiyo kama kompyuta yako inakidhi masharti ya Windows 11.

SWALI: Ndugu Mhariri, laptopu yangu ina SSD. Rafiki yangu hapa Kisumu huwa anapanga upya diski yake kila mwezi kwa programu ya bure ya defragi, na anasema inasaidia. Je, nami nifanye hivyo?

JIBU: Hapana. Kupanga upya kulibuniwa kwa ajili ya diski yenye mkono unaohama, ili vipande vya faili moja vikae karibu. Kwa SSD ukaribu huo hauleti faida ya kuonekana, na kuandika upya data nyingi kila mwezi kunapunguza uhai wake bure. Windows 10 na 11 huitambua SSD na kuipa matunzo yake kwa ratiba, kwa hiyo iache. Kama rafiki yako ana diski ya kawaida, hajakosea, ingawa Windows ingemfanyia hivyo yenyewe.

SWALI: Nimetumia CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, kwa miaka mingi. Nimesikia kwamba iliwahi kuwa na kirusi. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli. Mwezi Septemba 2017 ilibainika kwamba toleo la 5.33, lililotoka tarehe 15 Agosti mwaka huo, lilikuwa limepenyezwa msimbo wa wadukuzi kabla halijafika kwa watumiaji. Avast, kampuni ya programu za kuzuia virusi, ambayo miezi michache tu kabla ilikuwa imeinunua Piriform, watengenezaji wa CCleaner, ilikadiria kwamba kompyuta milioni 2.27 zilikuwa na toleo hilo. Kinachotisha ni kwamba lilikuwa na sahihi halali ya mtengenezaji, hivyo hata aliyelipakua mahali sahihi hakunusurika. Matoleo yaliyofuata yalisafishwa, nami sitakulazimisha uiondoe. Ukiendelea nayo, hakikisha unatumia toleo jipya kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, usiigusishe rejista, na wakati wa kusakinisha soma kila ukurasa uondoe tiki kwenye programu nyingine utakazopendekezewa.