Maswali ya wakulima: mvua inanyesha, shamba halinywi

Shamba langu lipo Urambo, kichanga kitupu. Nilidhani kichanga hunywa maji haraka. Mbona mvua ikinyesha maji yanakimbilia barabarani?

Siku mbili baada ya mvua, inama uinue udongo wa juu kwa ukucha. Nadhani utakuta gamba gumu, jembamba kama ukoko wa wali. Tone la mvua likipiga udongo ulio wazi huvunja vibonge vyake, na ule unga laini huziba vitundu ambavyo maji yangepitia. Chini ya gamba hilo unaweza kukuta pakavu kabisa. Mvua ya milimita 20 kwenye ekari moja ni lita zaidi ya 80,000, yaani madumu 4,000. Nusu ikikukimbia umepoteza madumu 2,000, tena yameondoka na samadi yako.

Kwa hiyo nakuomba sana, usichome mabua ya mahindi. Yalaze kati ya matuta yapokee kishindo cha matone. Ukipasua matuta msimu mpya, fukia majani kwenye mfereji wa zamani, halafu kila baada ya hatua chache ufunge mfereji mpya kwa kijituta. Kijituta kiwe kifupi kuliko tuta lenyewe, ili mvua kubwa ikija maji yapite juu yake bila kubomoa matuta. Na samadi usiiache: kichanga hata kikinywa, hakitunzi.

Nitajuaje kama udongo wangu umepona? (Kasulu)

Chukua kopo lenye upana wa sentimita 15, likate pande zote mbili, ulididimize kidogo ardhini. Mimina maji nusu lita, yakizama mimina tena kiasi kilekile. Hesabu dakika za mara ya pili, maana mara ya kwanza udongo mkavu hudanganya. Kisha rudia chini ya miti ambako jembe halijawahi kufika. Tofauti ya dakika utakayoiona hapo ndiyo kazi iliyobaki.

Mbuga yangu ya Igunga inameza mvua za kwanza, baadaye inatuama. Kwa nini?

Mfinyanzi mweusi hupasuka wakati wa kiangazi, na maji ya kwanza huingia kwenye nyufa. Ukilowa unavimba na nyufa zinajifunga. Hapo usipigane nao; tengeneza majaruba ulime mpunga.

Mabua niliyoyaacha yanaliwa na mchwa. Nipulize dawa? (Buhigwe)

Hapana, ndugu yangu. Vishimo vyao ni njia za maji, kama vya nyungunyungu. Kule Burkina Faso wakulima huweka samadi kwenye mashimo ya kupandia, na mchwa wanaoifuata hutoboa ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu. Ni kweli mchwa huangusha mahindi yaliyokomaa, basi vuna mapema, usiyaache yakaukie shambani kwa wiki nyingi. Mabua yakiwepo ya kutosha, nao wana cha kula.