Siku niliyomtoa mjomba kwenye kundi la ukoo

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Nachingwea aliniandikia akiniomba nimweleze namna ya kuendesha kundi la ukoo la WhatsApp ili watu wachange kwa wakati. Alinitumia na picha ya ukurasa wa daftari lake, wenye majina 11 ya wadaiwa yaliyopigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Ameniuliza mimi kwa sababu amesikia kwamba kundi letu halijawahi kushindwa kuuguza wala kuzika, na katika hilo hakudanganywa. Asilolisikia ni hili ninaloliandika leo.

Kundi hilo nililiunda mwenyewe mwaka 2021, hapa Mtwara mjini, baada ya msiba ambao tulihangaika kutwa nzima kutafuta nauli ya kuwapeleka wazee Newala. Tulianza watu 14, tukafika 63, kuanzia Masasi hadi Mbagala. Kila mmoja alitakiwa kutuma shilingi 5,000 kwa simu kabla ya tarehe 5, na tarehe 6 asubuhi nilibandika orodha, mwenye tiki na asiye na tiki, kila mtu ajionee. Sioni aibu kusema kwamba orodha ile ilifanya kazi. Watu wazima na heshima zao walinipigia usiku wakiniomba niwasubiri hadi kesho yake. Tulinunua maturubai mawili, sufuria kubwa za shughuli na viti 50 vya plastiki, na mpaka leo hakuna aliyenishukuru kwa hayo mbele za watu.

Machi 2024 tulipitisha kanuni kwamba asiyelipa miezi mitatu atolewe. Niliyeipendekeza ni mimi. Jina la kwanza kuangukia humo likawa la mjomba wangu, kaka yake mama, mkulima wa korosho Newala, ambaye hana simujanja bali kitochi, na ambaye kundini aliwakilishwa na namba ya mjukuu wake. Nilisita kidogo, nikajiambia kuwa kanuni ni kanuni, nikabonyeza. Ukatokea ule mstari mdogo unaotangaza kwamba fulani ameondolewa. Hakuna aliyeandika neno, nami nikauhesabu ukimya ule kuwa ni kuungwa mkono.

Asiye wa huku pengine haoni uzito wake. Sisi Wamakonde, kama walivyo Wamakua, Wayao na Wamwera, kwa jadi ukoo tunauhesabu kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno katika ndoa, misiba na magomvi ya wapwa zake. Kumtoa mjomba kwenye ukoo kwa kidole gumba, huku umekaa kwenye kochi, ni jambo ambalo halikuwa na jina kwa sababu hakuna aliyewahi kulifanya.

Kuna na suala la msimu, ambalo mtoto wa mkulima kama mimi sikupaswa kulisahau. Fedha ya korosho huingia baada ya minada, ambayo kwa kawaida huanza Oktoba. Machi ni masika, mfuko ni mtupu, na kazi ya kupulizia mikorosho salfa iko mbele. Mimi mwenye mshahara wa kila mwezi niliulazimisha ukoo mzima uishi kwa kalenda yangu, na simu ikanirahisishia kazi hiyo. Baadaye nilikuja kujua kwamba sehemu ya michango ya mwaka uliotangulia mjomba aliilipa kwa kuuza korosho zake kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya minada, kwa bei ya kutupa, ili tu jina lake lisikose tiki.

Mwishoni mwa Aprili ikaja barua ya posa ya mpwa wangu kutoka Lindi. Washenga waliuliza swali moja tu: mzee wa ukoo anasemaje? Dada akampigia mjomba kwenye kitochi chake, naye akajibu kwa upole, “Mambo ya ukoo yako kwenye kundi, mwanangu. Muulizeni mwenye kundi. Mimi sikutoka, nilitolewa.” Kisha akakata simu.

Nilidhani nitalimaliza kwa maandishi. Niliandaa ujumbe mrefu wa kuomba radhi ili mjukuu amsomee, nikauhariri siku tatu, kana kwamba ni barua ya kuomba kazi. Mwanzoni mwa Mei, kimbunga Hidaya na mvua zake vikaja, barabara ya Dar es Salaam ikakatika Somanga, na ndugu wa Mbagala wakakwama. Jumapili ya tarehe 12 Mei, nyaya za mawasiliano za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima. Ujumbe wangu ukabaki na alama ya saa pembeni. Niliutazama mpaka jioni. Kesho yake nikanunua sukari na kikoi, nikapanda basi la Newala.

Nilimkuta barazani, kwenye ule ukungu wa Newala, redio ya betri ikiwa begani kama mtoto. Hakunifukuza. Aliniletea ugali wa muhogo na kisamvu, akasubiri ninawe, ndipo akaniambia kwamba zamani matangazo ya vifo walikuwa wakiyasikia Radio Tanzania, na mtu aliyesikia alifunga safari, hata kama kabla ya daraja la Mkapa mwaka 2003 ilimpasa kungoja kivuko cha Rufiji. “Redio ilituita sote,” alisema, “haikujua nani kalipa.” Sikuwa na la kujibu. Kofi lingeniuma kidogo kuliko kauli ile.

Faini yake ilikuwa kwamba nilale siku mbili na nipite naye nyumba kwa nyumba kuitangaza posa kwa mdomo. Tulipita nyumba saba. Katika nyumba ya nne nilimkuta mama mdogo ambaye kundini huwa ananijibu kwa alama ya viganja vilivyounganishwa. Macho yake yalikuwa hayaoni tangu mwaka uliopita, na aliyekuwa akibonyeza ni binti wa jirani.

Ndiyo maana, ndugu yangu unayesoma, nakuambia piga simu kabla ya kubandika orodha. Piga simu, usitume ujumbe. Mwenye korosho mpokee mchango wake Novemba, kwa mkupuo, na mwenye ufuta mpokee akishauza ufuta. Mzee usimwandike kwenye orodha kabisa. Tumejifanya makarani wa ndugu zetu, tunajua salio la kila mmoja na hatujui nani anaumwa, nami nasema hivyo nikiwa karani mkuu.

Harusi ilifanyika, maturubai yangu yakatumika, na mjomba alikaa mbele. Kundini hajarudi. Nimeiongeza namba ya mjukuu mara mbili, na mara mbili imejitoa.

Sasa nimelirudia daftari lako, ndugu wa Nachingwea. Kati ya majina 11, la nne linaanza na neno “Mzee”, na wino wake mwekundu umepitishwa mara mbili. Ni nani wako huyo?