Misumari Uchochoroni: Fundi Wetu Ajibu

SWALI: Nilibadilisha mabati 30 mwezi uliopita. Mafundi walifagia wakaenda zao, lakini tangu hapo punda wawili wamechomwa kwatoni, na mtoto wa jirani nusura akanyage msumari. Nasikia iko sumaku ya kuokotea. Yatosha?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Pole, ndugu. Sumaku yasaidia, ila ni kazi ya mwisho. Piga hesabu: bati likishikwa na misumari mitano kwenye kila mbao, na mbao ni nne, hiyo ni 20. Mabati 30 ni misumari 600. Ikiachiwa ianguke ovyo, ufagio hauipati yote. Mingine hujibana kwenye nyufa za saruji, mingine huingia mtaroni.

Siku nyingine, kabla bati la kwanza halijang'olewa, funika mtaro kwa mbao, kisha tandika turubai kuanzia ukutani. Ukingo wa nje uinulie juu ya fito, la sivyo misumari itabingirika na kutoka. Kila fundi awe na kopo kiunoni, na msumari utoke kwenye nyundo uingie koponi. Jioni hesabu mliyookota. Mkipata 450 kati ya 600, mnajua bado kuna kazi.

Kwa sasa, huna haja ya kununua sumaku. Tafuta spika kubwa mbovu tatu, utoe zile pete nyeusi za nyuma, uzifunge chini ya ubao wa sentimita 60 wenye kamba. Zungushia kanga kuukuu. Bila kanga utashinda ukibandua vyuma kimoja kimoja, na mchanga wenye chembe nyeusi utanata kama ndevu. Ukiwa na kanga unaivua tu, na vyote vinaanguka ndooni. Vuta polepole, ubao ukiwa sentimita mbili kutoka chini, kwa urefu wa uchochoro kisha kwa upana. Ukikimbia, msumari ulionasa ufani haupati nafasi ya kuruka.

Usiku rudi na tochi, uilaze chini kabisa. Msumari wenye kutu haung'ai, lakini kivuli chake huuchongea. Mtaro uchambue kwa reki. Na ujue sumaku haishiki alumini wala shaba, kwa hiyo vipande hivyo viokote kwa mkono, glavu zikiwa mkononi.

Punda aliyechomwa asiachwe ajiponee. Pepopunda humpata yeye kama impatavyo mtu. Mwite daktari wa mifugo.

SWALI: Bati langu jipya la rangi lina madoa ya kutu, na hata miezi miwili halijafikisha. Nimeuziwa bati bovu?
Mama wa Malindi

JIBU: Huenda bati ni zima, mama. Uliza kama fundi alilikatia juu ya paa kwa grinda. Cheche zile ni chembe za chuma cha moto. Huungua na kuganda kwenye rangi, na umande wa bahari huzipasha kutu kwa siku chache. Grinda pia huchoma zinki ukingoni, na ndiyo maana mkasi wa bati ni bora, na kukata kufanywe chini, mbali na mabati yaliyopigwa.

Madoa yakiwa bado juu juu, yasugue kwa brashi ya nailoni na maji ya sabuni. Brashi ya waya usiiguse, kwani hukwaruza rangi na kuacha chuma kingine. Kabla ya kumwaga maji, chomoa bomba linaloingia tangini, maana uchafu wote utashukia humo.

SWALI: Na vigae vya kijivu vya zamani, vya mawimbi mawimbi, vifagiwe vipi vikivunjika?
Msomaji, Malindi

JIBU: Visifagiwe. Vikiwa asbesto, vumbi lake huumiza mapafu, na sheria ya Kenya huihesabu kuwa taka hatari. Lowesha vipande kwa maji, waondoe watu, na kazi ifanywe na wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.