Picha ya mzee aliyelala

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama ni vibaya kuipeleka kwenye maonyesho, na kuiuza, ile picha ya mzee uliyemkuta amelala kando ya barabara, mdomo wazi, viatu amevilaza chini ya kichwa visije vikaibwa. Unasema hukumwamsha, na kwamba hujawahi kupiga picha nzuri kama hiyo. Nimeiona. Ni nzuri kweli, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Kwa upande wa sheria, inategemea uko nchi gani. Marekani, mpiga picha Philip-Lorca diCorcia aliwapiga picha wapita njia pale Times Square bila wenyewe kujua, kisha akaziweka picha kwenye maonyesho na kuziuza. Mzee mmoja wa Kiyahudi akaiona sura yake humo, akashtaki kwamba dini yake haimruhusu. Mwaka 2006 mahakama ya New York ikaitupa kesi yake: ile ni sanaa, na sanaa inalindwa.

Sina ugomvi na picha ya mtu anayepita zake kwenda nyumbani. Lakini huyu wako hana pa kwenda. Mimi na wewe tukitaka kukoroma tunafunga mlango. Yeye pale pale barabarani ndipo chumbani kwake, nawe umeingia bila hodi.

Umenikumbusha kwamba picha za maskini zimewahi kuwasaidia, ukamtaja Dorothea Lange, yule mpiga picha wa Marekani. Sawa. Machi 1936 alimpiga picha mama mmoja na wanawe kwenye kambi ya wachuma njegere, Nipomo, California. Picha zikatoka gazetini, serikali ikapeleka chakula kambini. Ila chakula kilipofika, yule mama na watoto wake walikuwa wameshahama. Lange mwenyewe aliandika baadaye kwamba hakumuuliza jina. Watu walikuja kumjua kuwa ni Florence Owens Thompson mwaka 1978, naye akasema heri asingepigwa picha ile, maana hakupata hata senti. Lange pia hakuwa akilipwa kwa kila nakala, alikuwa mwajiriwa wa serikali. Lakini mwaka 1998, Thompson akiwa ameshafariki, nakala moja iliuzwa mnadani kwa dola 244,500.

Najua utasema ukimwomba mtu kwanza, picha inakufa. Ndiyo, inakufa ile uliyoitaka wewe. Mwangalie mtu yeyote fukara ukimwambia unataka kumpiga picha: anapangusa uso kwa kiganja, anatafuta kifungo cha shati, na kama kimekatika anashikilia kola kwa mkono, kisha anasimama wima. Anataka aonekane hivyo. Wewe unamtaka na kifua wazi, kwa sababu kifua wazi ndicho kinachonunuliwa. Sisemi usipige ila ile ya kola, nisije nikakufunga mikono. Nasema ujue kwamba kuna picha mbili, na yeye ana lake la kusema juu ya ipi itundikwe ukutani.

Kubonyeza kamera ni jambo la ghafla, hilo silaumu sana. Kuuza si jambo la ghafla. Una wiki kadhaa, na muda huo unatosha kumtafuta. Nenda na nakala iliyochapishwa, umkute ameamka, umpe aitazame. Mwambie itatundikwa wapi na itauzwa bei gani, bila kupunguza. Pesa usizitoe mfukoni kabla hajajibu. Mwenye njaa akishaona noti atakubali lolote, na hiyo haitakuwa ridhaa. Akikubali, mpatane fungu lake, na muulize anataka iandikwe nini chini yake. Lile neno "Dhiki" ulilopendekeza lifute. Dhiki si jina la mtu.

Akikataa, imekwisha. Usipompata, vilevile, maana kutokuonekana kwake si kukubali. Na mwenye maonyesho akikuharakisha, mpe ile ya mvua na miavuli. Najua wewe huipendi, lakini mimi naipenda.

Mama yako