Mgeni aliposema “gone off”: maswali yenu kuhusu Kiingereza cha mambo tuyapendayo

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Mji wa Kale, Mombasa, na kazi yangu ni kuwatembeza wageni, kuanzia Ngomeni hadi vichochoro vya mtaani kwetu. Mwezi uliopita mgeni mmoja kutoka Uingereza aliniambia, “I've gone off diving.” Nilielewa kwamba anataka kwenda kupiga mbizi, nikampigia nahodha simu atuwekee mashua. Asubuhi yake mgeni alistaajabu kuiona mashua ikimngojea, na nahodha akanidai malipo ya nusu siku. Nilikosea wapi?
Msomaji wa Mji wa Kale

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa malipo hayo. Mgeni wako alikuwa akikueleza kwamba kupiga mbizi kumemtoka moyoni. Zamani alipenda kupiga mbizi, sasa hana hamu nako tena. Angelisema “I've gone diving” pasipo “off”, angelikuwa amekwenda kupiga mbizi kweli. Wewe ulilisikia neno “gone” ukaridhika, ilhali habari yote ilibebwa na hicho kijineno kidogo kilichofuata. Tena maana hiyo ya “go off” ni ya Waingereza zaidi kuliko Wamarekani, na haohao Waingereza hulitumia kwa maziwa yaliyochacha na kwa kengele inayolia ghafla, kwa hiyo si ajabu kwamba lilikuchanganya.

Usidhani kwamba ni Kiingereza peke yake chenye vituko vya namna hii. Mtu akijifunza Kiswahili leo atauliza kwa nini tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga soga na tunapiga mbizi, wala hakuna anayeumia. Sisi hatuhangaiki, kwa sababu hatukujifunza “piga” peke yake kisha “soga” peke yake; tuliyapokea maneno hayo mawili pamoja, barazani, yakiwa na maana moja. Vitenzi vya Kiingereza vinavyoandamana na “up”, “off”, “into” na wenzao, ambavyo mwandishi Logan Pearsall Smith alivitangaza kwa jina la “phrasal verbs” mwaka 1925, vinataka kupokewa vivyo hivyo. Anayekaa na kamusi akitafuta maana ya “take” kwanza, kisha ya “up”, atachoka bure.

Kwa kuwa wageni wako watakuuliza sana kuhusu mambo uyapendayo, anza na familia ya “take”, maana ndiyo inayowatatiza wengi. “I took up swimming last year” ni kusema kwamba mwaka jana ulianza kuogelea kama jambo la kujifurahisha, pengine ukiwa na nia ya kuendelea nalo. “I took to swimming”, kwa upande mwingine, hueleza kwamba ulipoanza tu kulikukolea. Mtu anaweza “take up” mchezo wa bao kwa kuwa babu yake amemlazimisha, asiwahi hata siku moja “take to” mchezo huo. Karibu na hili la pili lipo “get into”, yaani kuanza kuvutiwa na jambo hadi likakuteka; na ukishatekwa unasema “I'm into taarab”. Hivyo basi, mgeni akikuuliza “What are you into?” anataka kujua unapendelea mambo gani, wala haulizi uko ndani ya nini.

Kuna jozi moja ambayo ningependa uishike vizuri, kwa kuwa ingekuokoa na hasara nyingine ya mashua. Mgeni akisema “I put off fishing”, ameahirisha kuvua na huenda akavua kesho. Akisema “The waves put me off fishing”, mawimbi yamemwondolea hamu ya kuvua, nawe usimpigie nahodha simu. Maneno ni yaleyale. “Me” iliyoingia katikati ndiyo iliyogeuza maana.

SWALI: Mwalimu, binti yangu anasoma shule ya upili, naye aliandika katika insha “I gave up to play netball”, akakatwa alama. Mimi naona maana inaeleweka. Je, mwalimu wake amemwonea?
Mama wa Kisauni

JIBU: La, mama, hakumwonea. Baada ya “give up”, “take up”, “go off” na “put off”, kitendo kinachofuata huchukua “-ing”: “I gave up playing netball.” Nadhani binti aliongozwa na Kiswahili chetu, ambamo “niliacha kucheza” hubeba “ku-”, naye akaitafsiri “ku-” hiyo kwa “to” kama tunavyofanya sote. Mwambie pia kwamba jina la mchezo likiwa limekwisha kutajwa, “it” hukaa katikati: “I gave it up”, wala si “I gave up it”. Ila “into” haikubali kutenganishwa na kitenzi chake, kwa hiyo atasema “I got into it”.

SWALI: Je, katika barua ya kuomba kazi hotelini Nyali, naweza kuandika kwamba “I'm into reading”?
Msomaji wa Likoni

JIBU: Usiandike. Hayo ni mazungumzo ya ufukweni pale Mama Ngina jioni, mkiwa na mihogo ya kukaanga mkononi. Kwenye barua andika “I am interested in reading”, au “I enjoy reading”. Na ikiwa utatafsiri kutoka Kiswahili, jihadhari na neno “uraibu”: vitabu vya shule hulitumia kwa mambo ya kujiburudisha, lakini kwa wazee wetu hilo ni neno la tambuu, tumbaku na vinginevyo ambavyo mtu hawezi kuviacha, na kamusi nyingine itakupa “addiction”, neno ambalo hungependa mwenye hoteli alikute kwenye barua yako.